Sahani Moja ya Ndugu Wawili

Kabanga,
11 Februari 2024

Baba Mdogo Sostenes,

Shikamoo. Ni mimi Claudia, binti wa kaka yako Pancras, fundi cherehani wa hapa stendi ya Kabanga. Mara ya mwisho tulionana msibani kwa shangazi, ukanishika bega ukasema nimenenepa. Bado sijapungua. Natumaini wewe na Mama Mdogo Suzan ni wazima na mahindi ya Nyantakara yamepata mvua. Ningepiga simu, lakini Mama Mdogo ameniambia masikio yako siku hizi hayashiki kitu, hata ukipigiwa kelele. Fundi redio mzima! Basi nimeshika kalamu, na barua nampa kondakta.

Huku kwetu tunasukuma siku. Watu wa mpakani wananunua nguo kubwa kuliko miili yao, nami ninazipunguza. Baba yuko Mbuba kwa kaka Wiston. Miguu yake imevimba tangu Desemba. Daktari amesema moyo umechoka, asibebe kizito wala asipande mlima. Asipande mlima, Mbuba! Hata choo cha Wiston kiko mlimani.

Ninalokuandikia ni hili. Nimekuwa mkusanyaji wa santuri, na watu wa hapa wanasema nimeanza kuchanganyikiwa. Mama mmoja wa maharage alikuwa anafunika sufuria kwa sahani ya santuri. Nikampa mfuniko wa kweli, yeye akanipa ile sahani, imepinda ukingo lakini inaimba. Gramafoni ya betri niliachiwa na mpangaji aliyehama. Sasa ninazo sahani thelathini na moja, zote zile ndogo, wimbo mmoja huku na mmoja kule. Kila moja ina ukurasa wake daftarini: nani aliinunua, ilipigwa harusi ya nani, nani aligombana ilipokuwa inalia. Nyimbo nazisikia, ila watu wake siwajui, na nimeambiwa wewe unawajua.

Niambie basi kuhusu hizi nne. Kuna moja yenye jogoo kwenye lebo, upande mmoja umekwaruzwa kwa msumari. Nyingine mtu anakohoa katikati ya wimbo. Ya tatu ina tundu kubwa katikati, limezibwa kwa kipande cha kandambili. Ya nne ina lebo ya bluu, na upande mmoja imechorwa P kwa rangi nyekundu ya kucha, upande wa pili S.

Najua wewe na Baba hamsalimiani tangu kabla sijazaliwa, na sijawahi kuambiwa sababu. Mimi simo. Nauliza habari za sahani tu.

Mwanao,
Claudia

*

Nyantakara,
9 Machi 2024

Claudia mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa siku nane kwa muuza soda aliyeipokea kutoka kwenye basi, maana alidhani ni ya kanisa. Sisi ni wazima. Suzan jicho la kushoto linamsumbua na mimi masikio, kwa hiyo tukitembea pamoja tunapata mtu mmoja aliyekamilika. Mahindi yapo, na nguruwe pori nao wapo.

Hiyo kandambili ni kazi yangu. Sahani za kutoka Burundi zilikuja na tundu kubwa, na mhimili wa gramafoni yangu ulikuwa mwembamba, sahani ikizunguka inayumba na mwimbaji anasikika mlevi. Nikaona kandambili ya Suzan mlangoni. Jumapili alikwenda kanisani na viatu vya shamba, na jambo hilo nalilipia mpaka leo. Sahani yenyewe niliigawa zamani, nafurahi kusikia raba bado imekaza.

Anayekohoa ni mpiga gitaa zito, si mwimbaji. Sahani ile tulikuwa tunaisubiri kwa kikohozi chake. Kikikaribia, watu wote ukumbini wanasimama, na kikifika wote wanakohoa pamoja naye, kisha wanaendelea kucheza. Padri mmoja mgeni alidhani pana kifua kikuu.

Ile ya jogoo ilikwaruzwa na katekista. Wimbo ulihusu msichana anayetoka kwa dirisha, na binti yake alikuwa ameanza kuuimba akifua. Aliomba kuiazima, akairudisha kesho yake kwa adabu kabisa, imefungwa gazeti, upande mmoja umechimbwa. Upande wa pili aliuacha kwa sababu unamtaja Mungu.

Andika hayo daftarini kwako. Umefanya vizuri kuziokota, maana mtu akitupa sahani hutupa na waliocheza. Mwambie Wiston achimbe choo kingine upande wa chini, si kazi ya siku mbili hiyo.

Baba Mdogo wako,
Sostenes

*

Kabanga,
24 Machi 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo tena. Nimecheka mpaka mteja akaniuliza kama suruali yake ndiyo inayonichekesha. Mpe pole Mama Mdogo kwa jicho, na kwa kandambili. Hapa mvua imeanza na bati langu linavuja juu ya meza ya kukatia. Baba miguu ni ile ile. Choo kimechimbwa.

Lakini nilikuuliza nne, umejibu tatu. Mimi ni fundi cherehani, kitufe kikikosekana nakiona.

Acha nikwambie nilivyoipata hiyo ya nne. Nilikwenda kwa Nyirabahizi, mjane wa Idefonsi, yule aliyekuwa anapiga santuri kwenye harusi. Nyirabahizi amenieleza utaratibu wenu wa zamani: hakuna aliyekuwa na sahani za kutosha harusi nzima, kwa hiyo Idefonsi alizunguka nyumba hadi nyumba akiazima, na kila mwenye sahani aliweka alama yake kwa rangi ya kucha ili isipotelee kwa mwingine. Idefonsi aliandika kwenye ganda, ile bahasha ya sahani, imetoka kwa nani, na kesho yake akazirudisha. Ya lebo ya bluu imeandikwa hivi: “Kwa Pancras wa Mbuba. Harusi ya Gidioni, Juni 1984. Irudishwe.” Nikamwuliza Nyirabahizi mbona haikurudi. Akasema, “Ilirudishwa baadaye, mama, ikakataliwa.” Nilipotaka kuuliza zaidi alianza kuchambua mchele.

P ni Baba, na sina haja ya kumtafuta S.

Sasa niseme kweli, maana barua iliyopita nilidanganya kidogo. Nazipenda sahani, hilo si uongo. Lakini usiku Baba anapumua kama aliyekimbia, na mimi naogopa atakufa hamjasalimiana. Wavulana mlikuwa wawili tu kwa mama yenu. Sahani niliifanya mlango wa kuingilia kwako. Kama nimekosea, nikaripie, lakini nijibu.

Mwanao,
Claudia

*

Nyantakara,
2 Juni 2024

Claudia,

Marahaba. Nimechelewa. Ningeweza kusema ni mavuno, na kweli tumevuna, au ni jicho la Suzan, na kweli tulilipeleka hospitali. Lakini barua ilikuwa imekaa chini ya godoro na mimi nikiikwepa.

Sahani ile tuliinunua mwaka 1981 baada ya kuuza kahawa ya marehemu babu yako. Ilikuwa moja tu na sisi tulikuwa wawili. Tukakubaliana upande mmoja wa kaka, upande mmoja wangu, na ikae mwezi kwake na mwezi kwangu. Tulibadilishana Jumapili baada ya misa. Watu walitucheka, lakini hatukuwahi kugombana hata mara moja kwa miaka mitatu. Upande wa kaka ulikuwa wa kuchezea, na wangu ulikuwa wa polepole.

Julai 1984 ilikuwa zamu yangu. Siku hiyo wazee wa kina Suzan walikuwa wamekuja nyumbani kupanga mahari, na nilitaka wausikie upande wangu. Nikamwomba kaka sahani. Akatafuta, hakuiona. Akatoka nje, akasema mbele yao wote kwamba nilishaichukua nikaiuza kwenye baa za Biharamulo. Alisema, “Huyu ni mdogo wangu, lakini ni mwizi.” Baba yake Suzan aliweka kikombe chini. Mahari yalisimama mwaka mzima, na Suzan akasikia maneno kisimani ambayo mpaka leo hajanirudia yote.

Na mimi nilikuwa harusini kwa Gidioni, Claudia. Niliiona sahani yetu mkononi mwa Idefonsi, na niliicheza. Nilijua kaka ameiazimisha akasahau.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Ningesema pale, kaka yangu mkubwa angekuwa mwongo mbele ya wakwe. Nikajiambia kesho atakumbuka, atakuja kimya kimya. Kesho ikawa mwezi. Mwaka uliofuata nilimchukua Suzan nikahamia huku, na Idefonsi naye alikuwa ameshavuka wiki ile ile ya harusi kurudi kwao Burundi na mizigo yake yote, sahani yetu humo.

Unataka niende Mbuba. Wewe ni mtoto wa huko huko, unajua. Kwetu mkosaji ndiye anayebeba rubisi, pombe yetu ya ndizi. Anaibeba mwenyewe, kwa miguu, anapita mbele ya nyumba za watu, anaiweka mlangoni kwa aliyemkosea, ndipo anasema. Nikienda mikono mitupu kwa kaka mgonjwa, nimekwenda kudai. Nikienda na rubisi, nimekiri wizi. Nionyeshe njia ya tatu nitaifuata.

Usimwambie habari ya lile ganda. Amezeeka, na kusahau si dhambi. Mwache afe akidhani mdogo wake alikuwa mwizi, kuliko afe akijua yeye alikuwa nani siku ile.

Sostenes

*

Kabanga,
16 Juni 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimesikia mmevuna, namshukuru Mungu. Hapa bati limezibwa. Mama Mdogo nimemshonea kitambaa cha kufunika jicho, nimekifunga pamoja na barua.

Umesema nisimwambie. Baba Mdogo, nilishamwambia tangu Aprili. Machi ilikwisha, Aprili ikaanza, kwako kimya, na mimi si mtu wa subira. Nilibeba gramafoni mpaka Mbuba, nikaipiga sahani baada ya chakula. Baba alisikiliza upande wake mpaka mwisho. Akaniambia geuza. Alisikiliza na wako mpaka mwisho. Kisha akasema, “Zima.” Nikamwonyesha maandishi ya Idefonsi, nikitegemea ashtuke.

Akasema, “Najua.”

Mwaka 1997 Idefonsi aliporudi kukaa huku, aliileta. Aliitoa kwenye mfuko na kusema samahani kwa kuchelewa. Baba anasema alipoiona tu alikumbuka yote: harusi ya Gidioni, mkono wake mwenyewe ukimpa Idefonsi, na uso wako mbele ya wakwe. Akamwambia Idefonsi, “Hii si yangu.” Idefonsi akamwonyesha ile P. Baba akarudia si yake. Idefonsi akaondoka nayo.

Nilimwuliza kwa nini. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema: “Ningeipokea, ingenibidi nibebe rubisi mpaka Nyantakara. Mimi, mkubwa, nipite mbele ya watu wa mdogo wangu. Nikasema mwakani. Kila mwaka deni la maneno linakua, na mbebaji anazeeka.”

Nilimkasirikia Baba yangu mpaka nikaacha chakula chake cha jioni, nikarudi Kabanga na basi la mwisho. Tangu siku ile sikukuandikia kwa sababu niliona aibu, kama niliyeficha sahani ni mimi. Sasa analala akiwa ameketi, maana akilala chali anakosa pumzi. Sikuombi chochote. Nimeona tu si haki wewe uendelee kumtunzia heshima mtu ambaye anajua.

Claudia

*

Nyantakara,
23 Juni 2024

Claudia,

Marahaba. Suzan ameshukuru kwa kitambaa. Tu wazima.

Miaka ishirini na saba. Kusahau nilikuwa nimemsamehe, kusahau ni kwa binadamu wote. Mtu aliyesahau nilikuwa namwombea kila Jumapili. Huyu anayejua simfahamu.

Mwanangu, nimekasirika na sitaki kujifanya mtulivu. Kuhusu sahani zako nyingine uliza, nitakujibu. Kuhusu hii usiniandikie tena.

Sostenes

*

Mbuba,
28 Julai 2024

Baba Mdogo Sostenes,

Shikamoo. Ulinikataza na nimetii mwezi mzima. Leo naandika kwa sababu anayekuletea barua hii ni Baba mwenyewe.

Wiki iliyopita alimwambia Wiston ashushe mikungu minne ya ndizi, akasimamia ikivundikwa, akasimamia ikikamuliwa, akionja na kukaripia kila mtu. Tulidhani anataka pombe ya kupunguzia makali ya ugonjwa. Jana akasema anasafiri Jumatatu. Tumemsihi. Tumemtajia daktari. Wiston amesema ataibeba yeye, au apande pikipiki nayo mpaka mlangoni kwako. Amejibu, “Hapo ningekuwa nimetuma mzigo.” Pikipiki atashuka nayo dukani kwenu, na kutoka hapo atatembea. Nikasema basi nimsindikize. Akaniambia hapelekwi kama mtoto anayeanza shule.

Atavaa viatu vya Wiston kwa sababu vyake haviingii. Najua barua hii itakufikia pamoja naye, kwa hiyo haiwezi kukuonya wala kukubembeleza. Utamfanya utakavyoona. Dawa zake ziko mfuko wa kulia, nyeupe asubuhi, ndogo ya njano jioni.

Mwanao,
Claudia

*

Nyantakara,
5 Agosti 2024

Claudia mwanangu,

Marahaba. Baba yako yuko hapa. Anakula, anakojoa vizuri, uvimbe umepungua kidogo. Analala ameketi, Suzan amempangia mito mitatu. Ile ya njano alikuwa anaitema, sasa Suzan anasimama mpaka aimeze.

Unataka kujua ilivyokuwa. Jumatatu mchana Suzan alinijia shambani akanivuta shati, maana kuniita ni kupoteza pumzi. Nikafika barazani nikaona. Kaka yangu alikuwa ameegemea ua wa nyumba ya mwanzo wa njia yetu, dumu la lita kumi katikati ya miguu. Akaliinua, akaenda hatua kama kumi, akaliweka chini. Akapumzika. Akaliinua tena. Watu walikuwa wametoka kwenye nyumba za huko mwanzo, wameshika viuno, hakuna aliyemsaidia. Huku nako wanajua mzee mwenye rubisi kwa miguu ana maana gani, na mzigo ule hausaidiwi.

Nikwambie kitu. Kwa miaka arobaini nimemwona akija hivyo hivyo kichwani mwangu. Na mimi nasimama mlangoni, mikono nyuma, namtazama mpaka aliweke chini mbele yangu. Siku ile nilisimama hapo mlangoni kama nilivyopanga. Nikaona mabega yake yanavyopanda na kushuka, na vile viatu vikubwa, na shati lake la misa limelowa mgongo mzima. Kumbe amekuwa mzee hivi, na mimi sikuwepo.

Nikashuka kumfuata. Hatukusalimiana. Nikashika dumu, naye hakuliachia. Tukavutana katikati ya njia, wazee wawili, kama zamani tulivyokuwa tukivutana blanketi. Alinizidi nguvu siku zote, ila siku hiyo aliachia. Nikasema, “Shikamoo, kaka.” Nikaona midomo yake ikiitika. Nikabeba rubisi, nikapita nayo mbele ya nyumba zote zilizobaki, naye nyuma yangu ameshika mkanda wangu asianguke. Nililia njia nzima na sioni aibu kukuandikia.

Ndani alikataa kiti. Alisimama akasema aliyokuja kusema, muda mrefu, ameshika ukingo wa meza. Nilisikia jina langu na jina la Gidioni tu. Suzan alitaka kunirudia sikioni, nikamzuia. Mtu akishasema maneno ya namna ile, asisemeshwe mara ya pili. Tulipoinywa rubisi ilikuwa kali kidogo, aliiacha ikapitiliza siku moja.

Wa nyumba za karibu yetu waliniona mimi tu nikipita na dumu. Jana tulikwenda misa pamoja, taratibu, tukipumzika kila penye kivuli. Tulipotoka, jirani yetu Evaristi alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya kunifikia, yaani kanisa zima lilisikia, nilimkosea nini kaka yangu hata nikabebeshwa rubisi mchana kweupe, kwa umri huu.

Nikamjibu ni mambo ya ujana, niliyakosea, na kaka amenisamehe.

Baba yako alikuwa amesimama hapo hapo, na masikio yake ni mazima.

Baba Mdogo wako,
Sostenes